Kupima mshono wa pakiti bila kuikata

Kila saa opareta wa laini yetu huokota pakiti chache za unga wa uji na kuniletea kwenye meza ya ubora. Baadhi nazikata vipande vya upana wa milimita 25, nikavifunga kwenye mashine inayovuta mshono hadi uachane na kuandika nguvu iliyotumika. Baadhi nazizamisha ndani ya tangi la maji lenye kifuniko kizito, nikafyonza hewa kwa pampu nikitazama kama vipovu vitatoka. Zilizobaki natia ndani maji yenye rangi ya bluu, nangoja kidogo, kisha nafungua nione kama rangi imepenya mshononi. Jioni zote zinakwenda kwenye pipa moja, zilizofaulu na zilizofeli.

Kazi hii naithamini. Lakini nikiitazama kwa makini naona pengo lake: pakiti niliyoipima na kuikuta salama ndiyo pakiti ambayo hakuna mtoto atakayeinywa. Ile iliyopita kwenye taya za mashine sekunde moja baada yake, pengine ikiwa na chembe ya unga katikati ya mshono, imeshaingia katoni na iko njiani. Sampuli yangu inanipa picha ya hali ya mashine kwa saa ile. Kuhusu pakiti iliyo mkononi mwa mama anayenunua Mukuru au Kariobangi, sampuli hiyo hainiambii lolote. Ndiyo maana kwa muda mrefu sasa nimekuwa nikisoma, nikiuliza na kujaribu njia za kukagua mshono bila kuuharibu, na leo nataka kuandika ninachokiamini kuhusu njia hizo kwa viwanda vya kadiri yetu hapa Industrial Area, Nairobi.

Nianze na mashine yenyewe. Yetu ni ile ya wima: roli ya plastiki inashuka ikikunjwa kuwa bomba, unga unadondoka kutoka juu, taya mbili za moto zinabana, zinafunga pakiti iliyo juu na iliyo chini kwa mpigo mmoja, kisu kinakata katikati. Plastiki ina tabaka. La nje ni poliesta yenye maandishi, katikati kuna foili, ndani kuna polithilini, na hii ya ndani ndiyo inayoyeyuka na kushikana. Polithilini nyepesi huyeyuka kati ya nyuzi 105 na 115 za Selsiasi, huku poliesta ya nje ikistahimili hadi 250 na zaidi. Nafasi hiyo kubwa ndiyo inayompa fundi uhuru wa kuongeza moto bila kuunguza uso wa pakiti. Mambo matatu yanaamua mshono: joto, presha ya taya, na muda wa kubana. Ukipunguza kimoja unapaswa kufidia kwa kingine, na wakubwa wakitaka laini iongezwe kasi, kinachopungua ni muda.

Adui yetu mkubwa ni vumbi. Unga wa wimbi uliochanganywa na maziwa ya unga ni mwepesi, unaelea ndani ya bomba, na umeme tuli wa plastiki unauvuta kwenye ukuta wa ndani palepale taya zinapobana. Chembe ikikaa kati ya tabaka mbili, polithilini inaizunguka bila kushikana chini yake. Unabaki mfereji mwembamba kutoka ndani hadi nje. Kwa macho pakiti ni nzuri kabisa. Ukiibana kwa viganja haitoi sauti.

Fundi mmoja mzee wa laini yetu, mtu ninayemheshimu sana, huniambia, “Madam, mimi pakiti mbaya naijua nikiishika tu.” Na kwa mshono uliokunjamana au ulioungua ni kweli, anaijua. Lakini kiwango cha F1886 cha ASTM, shirika la Marekani linaloandika viwango vya vipimo, kinachohusu ukaguzi wa mshono kwa macho, kinakiri kwamba jicho linaweza kuona mfereji wa maikroni 75 na kuendelea, na hata hapo uwezekano wa kuuona ni kati ya asilimia 60 na 100. Maikroni 75 ni kama unene wa unywele. Tena hapo tunazungumzia mshono unaopitisha mwanga, wala si foili iliyochapishwa rangi tatu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naona watu wa vifungashio hapa kwetu hawalipi uzito wa kutosha: mwinuko. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Presha ya hewa hapa ni karibu kilopaskali 83, wakati Mombasa ni karibu 101. Pakiti tuliyoifunga Lunga Lunga Road ina hewa ya Nairobi ndani yake. Ikishuka na lori hadi Pwani, hewa ya nje inaisukuma pande zote. Pakiti ya unga iliyofungwa vizuri inakuwa ngumu ukiishika, maana unga hauna mahali pa kwenda na plastiki imeubana. Yenye mfereji inabaki laini, kwa sababu imevuta hewa ya Mombasa ndani, pamoja na unyevu wake wote. Maziwa ya unga yakipata unyevu huo yanaanza kushikana mabonge, na mafuta yake yanaharibika upesi zaidi kwa sababu ya oksijeni iliyoingia.

Lori likielekea magharibi mambo yanageuka. Baada ya Nakuru barabara ya Eldoret inapanda hadi Timboroa, zaidi ya mita 2,700, na presha ya nje inashuka kwa karibu kilopaskali 10 kutoka ile ya Nairobi. Pakiti zinavimba. Mshono uliokuwa umeshika nusunusu unavutwa kutoka ndani, na pakiti yenye mfereji inatoa hewa pole pole. Kisha lori linapitia Eldoret na kuteremka hadi Kisumu, mita 1,130 hivi, na pakiti hiyohiyo inavuta hewa mpya. Pakiti inayovuja inapumua kila barabara inapopanda na kushuka. Ninaposikia malalamiko ya unga wenye mabonge kutoka kwa wauzaji wa Kisumu au Mombasa, huku pakiti zilizobaki ghalani Nairobi kutoka siku ileile zikiwa nzuri, swali langu la kwanza ni mshono, na swali la ghala lao linafuata baadaye.

Mwinuko huu unagusa pia vipimo vyenyewe. Maelekezo ya tangi la vipovu mara nyingi yameandikwa na watu wanaoishi karibu na bahari. Yakisema uondoe kilopaskali 85 chini ya presha ya hewa, hapa Nairobi hilo haliwezekani kabisa, hata ukiwa na pampu bora duniani, kwa sababu zote tulizo nazo ni 83. Opareta ataiacha pampu ikiunguruma na kudhani imeharibika. Inabidi kiwango kiandikwe kwa tofauti ya presha tunayoweza kuifikia hapa, na kiandikwe hivyo kwenye karatasi ya kazi, si kichwani mwa mtu mmoja.

Kati ya njia zisizoharibu, inayotajwa zaidi ni ile ya kupungua kwa vakyumu, ambayo kiwango chake ni ASTM F2338. Pakiti inawekwa ndani ya chemba ndogo, hewa inafyonzwa, mlango wa pampu unafungwa, na kipima presha kinaangalia. Kama pakiti ni nzima, presha ndani ya chemba inabaki palepale. Kama inavuja, hewa inatoka ndani ya pakiti na presha inapanda kidogo kidogo. Kwa pakiti laini kama zetu chemba lazima iwe na utando unaoishika pande zote, la sivyo itavimba na mshono kuumia kwa sababu ya kipimo chenyewe. Uzuri wake ni kwamba jibu ni namba. Hakuna kubishana kama kile kilikuwa kipovu au hewa iliyonaswa kwenye mkunjo wa plastiki. Mwaka 2016 sura ya 1207 ya kitabu cha viwango vya dawa cha Marekani, USP, iliandikwa upya na kupendelea njia za aina hii, zinazotoa namba inayorudiwa, kuliko zile zinazotegemea bahati ya jicho. Sisi si watu wa dawa, lakini hoja hiyo naikubali kwa chakula cha watoto.

Ina mipaka yake. Kama pakiti haina hewa ya kutosha ndani, hakuna cha kutoka, na tundu litapita bila kuonekana. Bidhaa yenye maji hutoa mvuke presha ikishuka sana, na mashine inaweza kuudhania uvujaji. Maziwa au mchuzi huweza kuziba tundu na kulificha. Kwa unga mkavu hali ni nafuu, ila vumbi linaingia kwenye mabomba ya mashine na vichujio vinahitaji kusafishwa kwa bidii. Na inachukua sekunde kadhaa kwa kila pakiti, kwa hiyo laini inayotoa pakiti kwa kasi haiwezi kupimwa yote kwa chemba moja. Tofauti na meza yangu ni kwamba pakiti niliyoipima inarudi kwenye katoni. Naweza kupima nyingi mara kumi bila kupoteza hata gramu moja ya unga.

Njia za umeme wa volti kubwa nazipita haraka: zinafaa kwa maji na maziwa ndani ya plastiki isiyopitisha umeme, na foili yetu inaziondoa kwenye hesabu. Kamera za kawaida zenye mwanga mkali nazo ni nzuri kwa plastiki inayoonekana ndani, kama pakiti za mkate au njugu.

Altrasaundi ndiyo iliyonishangaza zaidi. Ile ya hospitali inahitaji mafuta ya kupaka kati ya kifaa na ngozi, kwa sababu hewa inazuia sauti. Hii ya vifungashio inatumia kizuizi hicho kama kipimo. Kifaa kimoja kinatuma sauti upande mmoja wa mshono, kingine kinaipokea upande wa pili, bila maji wala mafuta, na mshono unapita katikati. Plastiki na hewa zinatofautiana kwa maelfu ya mara katika jinsi zinavyopokea sauti. Tabaka mbili zilizoyeyuka na kuwa kitu kimoja zinapitisha sehemu fulani ya sauti. Palipo na hewa kati yake, hata kidogo sana, karibu sauti yote inarudi ilikotoka. Ukiupitisha mshono mzima unapata picha, na mfereji unaonekana kama mstari unaokata upana wake. Kiwango chake ni ASTM F3004. Foili haiizuii, maandishi hayaizuii. Nilipoonyeshwa picha ya mshono wa aina ya plastiki yetu, nikaona chembe za unga zilivyojipanga upande mmoja wa pakiti, nilielewa mara moja kwamba tatizo halikuwa taya bali mdomo wa bomba la unga uliokaa kando.

Hata hivyo altrasaundi ina udhaifu ambao wauzaji wa mashine hawapendi kuuzungumzia. Tabaka mbili zikigandamizwa zikagusana kabisa bila kuyeyuka pamoja, sauti inaweza kupita kana kwamba zimeshikana. Huo ndio mshono baridi, unaotokea asubuhi taya zikiwa hazijapata moto wa kutosha, au umeme ulipokatika na opareta akawasha laini haraka. Unaonekana umefungwa, na ukiuvuta unaachana. Kwa hiyo vipande vyangu vya milimita 25 haviendi popote. Hakuna njia ya kupima nguvu ya mshono kikamilifu bila kuuvuta, na atakayekuambia mashine yake inaondoa haja hiyo anakuuzia zaidi ya alicho nacho.

Njia ninayoitetea kwa moyo wangu wote ni kamera ya joto. Mshono ukitoka kwenye taya bado una moto, na kwa muda mfupi sana unatoa picha ya joto lake mwenyewe. Kamera inayowekwa hapohapo inaona mstari wa moto. Mshono mzuri una mstari ulio sawa kutoka ukingo hadi ukingo. Penye unga joto linatofautiana na pembeni yake, na doa linaonekana. Mkunjo unaonekana, kwa sababu tabaka ni nne badala ya mbili. Na mshono baridi, ule ambao altrasaundi inaweza kuukosa, unaonekana wazi kabisa: mstari wote ni hafifu. Pakiti haiguswi, laini haisimami, na kila pakiti inapita mbele ya kamera. Pakiti yenye doa inasukumwa kando kabla haijafika kwenye katoni.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba kamera hii inaonyesha chanzo. Hita ya upande mmoja wa taya ikianza kuchoka, mstari unafifia upande huo pakiti baada ya pakiti, kabla mshono haujaanza kuvuja. Fundi anaibadilisha wakati wa mapumziko, badala ya kusubiri katoni zirudi kutoka Kisumu. Vipimo vingine vyote vinamwambia fundi kwamba jana alifunga vibaya. Hiki kinamwambia kwamba kesho atafunga vibaya. Fundi wetu mzee, alipoona picha ya kwanza kwenye skrini, alisogea karibu, akaonyesha kwa kidole na kusema, “Hapa ndipo bolti imelegea.” Akaenda kuikaza, na mstari ukanyooka. Mikono yake na kamera vilisema jambo moja, na tangu hapo hajaiona kamera kama askari wa kumlinda.

Nayo ina masharti. Lazima iwe karibu na taya, maana baada ya sekunde chache joto limesambaa na picha imefutika. Foili tupu inayong'aa inaakisi joto la vitu vilivyo karibu, hata la mwili wa opareta, hivyo unahitaji kizuizi pembeni. Yetu inaokolewa na poliesta iliyo juu ya foili. Tundu linalotokea baadaye, kwa msumari wa katoni au panya wa ghalani, kamera haina habari nalo. Kwa hilo unabaki na vakyumu, kwa sampuli.

Najua wengi wanaosoma hapa wanafungasha unga wa uji, njugu au majani ya chai nyumbani, kwa mashine ya kusili ya mkono au ya kukanyaga kwa mguu iliyonunuliwa mjini. Mashine za altrasaundi haziwahusu kwa sasa, na sitaki mtu akope ili anunue moja. Lakini kupima bila kukata kunawezekana pia kwao. Sisi wenyewe, kwa pakiti kubwa, tuna bamba la chuma bapa lenye geji ya saa inayosoma hadi sehemu ya mia ya milimita. Pakiti yenye hewa kidogo inalazwa mezani, bamba linawekwa juu taratibu, unasubiri litulie, unasoma geji, unasubiri dakika moja, unasoma tena. Pakiti nzima inasimama. Inayovuja inashuka, kwa sababu uzito unaitoa hewa. Muhimu ni kutumia uzito uleule kila mara, muda uleule, na kuanza na pakiti ulizotoboa mwenyewe kwa sindano nyembamba ili ujue kushuka kwa geji kunafananaje. Pakiti nzima ukimaliza unaiuza. Fundi wa jua kali akielewa unachotaka anaweza kulitengeneza.

Na kabla ya kipimo chochote, pangusa taya. Polithilini iliyoungua ikijikusanya juu yake inaacha alama kwenye kila mshono.

Haraka yangu ina sababu nyingine. Tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea vitu ilipigwa marufuku nchini, na vifungashio vya viwandani vinavyogusa bidhaa moja kwa moja vikaruhusiwa kuendelea. Mwaka 2022 ikaja sheria ya usimamizi endelevu wa taka, inayomtaka mtengenezaji awajibike kwa kifungashio chake hata baada ya kuuza. Wauzaji wa roli wameanza kutuletea plastiki ya aina moja, polithilini nje na ndani, bila foili wala poliesta, ili iweze kurejelezwa. Naiunga mkono. Lakini tabaka la nje sasa linayeyuka karibu na nyuzi zilezile za la ndani. Ile nafasi kubwa ya moto niliyoieleza juu imebanwa: ukipunguza kidogo mshono ni baridi, ukiongeza kidogo uso unanata kwenye taya.

Tumeanza kuijaribu kwenye laini moja. Kamera imefungwa, mwanga wa tahadhari umewekwa kwa nyuzi chache tu juu na chini ya mstari mzuri, na kwa kila mpangilio wa moto nachukua pakiti za kuvuta na pakiti za vakyumu kwa pamoja ili kuona kama vipimo vitatu vinakubaliana. Kufikia sasa vinakubaliana kwenye mshono baridi. Kwenye vumbi bado kamera inashtuka mara nyingi kuliko inavyopaswa, ikikataa pakiti ambazo vakyumu inazikuta nzima. Hadi tutakapojua doa la ukubwa gani ndilo linalofika kuwa mfereji, nimeomba zilizokataliwa ziendelee kuwekwa kando zote, na ofisi ya uzalishaji imekubali.